Mtayarishaji Kati ya Msanii na Umma: Maisha na Kazi ya Huw Wheldon

Tuzungumzapo juu ya sanaa, aghalabu huwataja mtunzi, mwimbaji, mchongaji, mchoraji na mcheza ngoma. Yupo mtu mwingine ambaye jina lake hupita upesi mwishoni mwa kipindi, wakati watazamaji wamekwisha kuinuka vitini kwenda kulala. Huyo ni mtayarishaji wa vipindi vya sanaa. Hakutunga shairi lililosomwa, wala hakupiga zeze lililosikika; walakini yeye ndiye aliyeamua kwamba shairi lile lisomwe na zeze lile lisikike, kwa dakika ngapi, likitanguliwa na nini, na kwa maelezo gani kwa mtu ambaye maishani mwake hajapata kulisikia. Neno lake moja laweza kumfikisha msanii kwa mamilioni ya watu, na neno lake jingine laweza kumfungia mlango.

Twapenda katika makala haya kumtazama mmoja wa watu hao, naye ni Huw Wheldon wa Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC. Tumemchagua mgeni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba televisheni ilifika kwetu kwa kuchelewa: Kenya ilianza matangazo mwaka 1962, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994. Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi kazi hii ilivyozaliwa hana budi kutazama kule ilikoanza mapema. Ya pili ni kwamba Wheldon hakuwa msanii. Alikuwa mtumishi wa shirika la umma, na maisha yake yote ya kazi yalizunguka swali linalotuhusu sana sisi tuliokula mshahara wa ofisi mchana na kutunga mashairi usiku: je, ofisi yaweza kuilea sanaa bila ya kuinyonga?

Huw Wheldon alizaliwa tarehe 7 Mei, 1916, huko Prestatyn, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Wales, akakulia Bangor. Msomaji asije akadhani kuwa Wales ni wilaya tu ya Uingereza. Ni taifa lenye lugha yake, Kiwelisi, ambayo katika kisiwa kile ni ya kale kuliko Kiingereza, na yenye ushairi wa zaidi ya miaka elfu moja. Katika karne ya 19 zilikuwapo shule huko ambamo mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni. Kibao kilihama kwa mwenziwe atakayeteleza baada yake, na aliyebaki nacho mwisho wa siku ndiye aliyeadhibiwa. Wazee wetu waliopitia shule za kikoloni, ambako mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake alipewa kipande cha kubeba, hawahitaji kufafanuliwa habari hii.

Walakini Wales hawakuiacha lugha yao, na hasa hawakuuacha ushairi wao. Hadi leo hufanya kila mwaka mkutano mkubwa wa taifa uitwao Eisteddfod, ambamo washairi hushindana mbele ya umati wa watu, na mshindi wa utungo wa kimapokeo hukalishwa juu ya kiti cha heshima. Utungo huo una sheria kali za kupatanisha sauti za konsonanti na vina ndani ya kila mstari, sheria ambazo hata sisi tuliolelewa na mizani nane kwa nane twaziona kuwa ngumu. Tumelitaja jambo hili makusudi, maana tutalihitaji mbele.

Babu yake Wheldon alikuwa mhubiri wa Kanisa la Kimethodisti la Wales. Baba yake, Wynn Wheldon, alikuwa mtumishi wa elimu: kwanza alikuwa msajili wa chuo cha Bangor, kisha tangu mwaka 1933 akawa katibu mkuu wa idara iliyosimamia shule za Wales katika Bodi ya Elimu. Kijana huyu basi alilelewa katika nyumba ya mimbari na faili. Kutokana na mimbari alipata sauti na mazoea ya kusema na watu wengi kwa pamoja. Kutokana na faili alipata imani kwamba kazi ya umma ni kazi ya heshima. Wenzake wa baadaye walimjua kuwa msemaji asiyechoka, aliyeweza kuujaza ukumbi kwa hadithi zake, na si wote waliopendezwa na hali hiyo kila siku.

Alisoma katika chuo cha sayansi za jamii cha London School of Economics, akahitimu mwaka 1938. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana wa miaka ishirini na mitatu. Tarehe 6 Juni, 1944, siku majeshi ya washirika yaliposhuka Ufaransa, yeye alishuka Normandy pamoja na kikosi cha Royal Ulster Rifles ndani ya ndege zisizo na injini, zile ambazo hukokotwa na ndege nyingine kisha hufunguliwa kamba zikaelea hadi ardhini. Kwa ushujaa wake alipewa nishani ya Military Cross. Hatutaeleza zaidi habari za vita, ila twaomba msomaji aikumbuke nishani hiyo.

Baada ya vita, mwaka 1946, alipewa kazi ya kuliongoza Baraza la Sanaa katika Wales, na baadaye alishiriki katika maandalizi ya Tamasha la Uingereza la mwaka 1951. Mwaka 1952 aliingia BBC. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba hakuingia kama mtayarishaji, bali kama ofisa wa habari na matangazo katika upande wa televisheni: kazi yake ilikuwa kuwaambia waandishi wa magazeti mambo mazuri ya wengine.

Haifai kumlaumu mtu wa wakati ule aliyeona televisheni kuwa mchezo wa kupita. Redio ndiyo iliyokuwa mke mkubwa. Mambo yalibadilika mwaka 1953, siku ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ambapo watu wapatao milioni 20 walijazana katika vyumba vya majirani kutazama. Mwaka 1955 ikaanza televisheni ya pili, ITV, iliyoendeshwa kwa fedha za matangazo ya biashara. Tangu siku hiyo BBC, iliyoishi kwa ada ya leseni ya kila nyumba, ilipaswa kujibu swali gumu: kama watu wamehamia upande wenye vichekesho na zawadi, kwa nini waendelee kulipa? Na kama BBC nayo itaonyesha vichekesho na zawadi tu, basi ipo kwa ajili gani?

Wheldon alijifunza kazi mahali ambapo wengi huona aibu kuanzia, yaani katika vipindi vya watoto. Kipindi chake kiliitwa "All Your Own". Watoto walikuja studio na kuonyesha mambo waliyoyaweza wenyewe: kupiga ala, kujenga vinyago, kufuga wadudu. Yeye aliwahoji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja mvulana mmoja na gitaa lake pamoja na wenziwe, akaulizwa angependa kufanya kazi gani akiwa mkubwa, akajibu kuwa angependa utafiti wa mambo ya viumbe na maradhi. Mvulana huyo aliitwa Jimmy Page, na ulimwengu ulimjua baadaye kwa lile gitaa wala si kwa utafiti. Lililo muhimu kwetu ni namna ya kuuliza. Mtoto hapendi kudanganywa wala kusifiwa kwa uongo, na anayemhoji mtoto kwa unafiki huonekana mara moja. Wheldon aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na desturi hiyo alikwenda nayo mbele ya wakubwa.

Mwaka 1955 alitayarisha vipindi sita vifupi vya Orson Welles, yule Mmarekani aliyetengeneza filamu ya "Citizen Kane" mwaka 1941. Welles alikaa mbele ya kamera, akasimulia habari na kuchora michoro huku akisema. Hapakuwa na kitu kingine. Vipindi hivyo vilionyesha jambo ambalo waliotoka redioni walilikaribia na waliotoka sinema walilikosa: kwamba televisheni haisemi na umati, husema na mtu mmoja au watatu waliokaa barazani mwao. Mhubiri akipaza sauti humo huonekana kichekesho.

Tarehe 2 Februari, 1958, BBC ilianzisha kipindi cha sanaa kilichoitwa "Monitor", na Wheldon akawa mhariri wake na mtangazaji wake. Kilionyeshwa Jumapili usiku, kila baada ya wiki mbili. Ndani ya kipindi kimoja mtazamaji aliweza kukuta mchongaji, kisha mwandishi wa riwaya, kisha filamu fupi juu ya sarakasi au juu ya mji wa viwanda. Mwandishi E. M. Forster alihojiwa humo, na vilevile mchongaji Henry Moore. Orson Welles alirudi mwaka 1960 kuieleza filamu yake ya zamani. Mwandishi wa tamthilia Shelagh Delaney, binti wa mji wa Salford ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini na miwili, alionyeshwa akitembea katika mitaa aliyoiandika.

Wheldon alikuwa akisema kuwa lengo la watangazaji wa umma ni kukifanya kilicho chema kipendwe, na kinachopendwa kiwe chema. Maneno haya ni mepesi kuyakariri na ni mazito kuyatekeleza. Wapo waliodhani kuwa ukishaonyesha jambo la sanaa kwa wengi umelishusha hadhi. Wapo pia waliodhani kuwa mtu wa kiwandani hana haja nalo. Wheldon aliyakataa mawazo yote mawili kwa vitendo. Yeye mwenyewe hakuwa mtaalamu wa muziki wala wa uchoraji, na hakuona haya kwa jambo hilo. Alijiweka mahali pa mtazamaji mwenye akili lakini asiye na habari. Andiko lolote la maelezo lililopita mezani kwake lilisomwa kwa sauti, likakatwa, likaandikwa upya, hata neno lisilo na kazi lipate kuondoka. Mwalimu yeyote aliyepata kuandaa somo la dakika arobaini atatambua kuwa hii ndiyo kazi yenyewe.

Inafaa kukiri kasoro za kipindi kile. Macho yake yalitazama Ulaya zaidi, na zaidi Uingereza. Bara letu la Afrika, ambalo katika miaka hiyohiyo lilikuwa likijikomboa nchi baada ya nchi, halikuwa na nafasi kubwa humo. BBC iliyotusemesha sisi ilikuwa nyingine: ile idara ya Kiswahili ya redio, iliyoanza mwaka 1957. Nyumba ni moja lakini vyumba havikuonana. Kadhalika wanawake walikuwa wachache miongoni mwa watayarishaji, ingawa Nancy Thomas alikuwamo tangu siku za mwanzo na kazi yake ilikuwa kubwa.

Sifa iliyo kubwa kuliko zote ya "Monitor" ni watu waliojifunzia humo. John Schlesinger alitengeneza filamu fupi nyingi za kipindi kile kabla ya kwenda katika sinema, na mwaka 1970 alipata tuzo ya Oscar kwa "Midnight Cowboy". Humphrey Burton, aliyekuwa na elimu ya muziki, aliurithi uhariri. Melvyn Bragg, kijana kutoka mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, alijiunga BBC mwaka 1961 akapitia humo, na tangu mwaka 1978 akaongoza kipindi chake cha sanaa, "The South Bank Show", huko ITV. Na alikuwako Ken Russell.

Russell alikuwa amejaribu ubaharia, uanajeshi wa anga, uchezaji dansi na upigaji picha. Alijipenyeza BBC kwa nguvu ya filamu ndogo aliyoitengeneza kwa fedha zake kidogo, iitwayo "Amelia and the Angel", na mwaka 1959 akaanza kufanya kazi chini ya Wheldon. Watu hawa wawili walitofautiana kama jua na mvua. Russell aliwaza kwa picha. Wheldon aliwaza kwa maneno. Russell alitaka kuyaigiza maisha ya watunzi wa muziki waliokufa, awavishe waigizaji mavazi yao na kuwafanya wapende na kugombana mbele ya kamera. Wheldon alikataa. Sababu yake ilikuwa hii: kipindi cha habari za kweli si tamthilia. Mtazamaji akiona mtu anayeitwa Prokofiev akizungumza, ataamini kuwa maneno yale yalisemwa na Prokofiev, kumbe yametungwa wiki iliyopita na mtu aliyekaa ofisini London. Huko ni kumdanganya mtu uliyeingia nyumbani kwake kwa heshima.

Mvutano ulidumu miaka kadhaa. Katika filamu ya mwaka 1961 juu ya mtunzi Prokofiev, Russell aliruhusiwa kuionyesha taswira ya mwigizaji ndani ya maji ya dimbwi tu. Alipotaka kumtengenezea filamu Edward Elgar, mtunzi wa Kiingereza aliyeishi tangu 1857 hadi 1934, walifika mahali pa kupatana: waigizaji waonekane, ila kwa mbali, na wasiseme hata neno moja. Maelezo yote yawe ya sauti ya Wheldon mwenyewe.

Filamu hiyo, "Elgar", ilionyeshwa tarehe 11 Novemba, 1962, ikiwa toleo la mia la "Monitor". Mtoto wa mwenye duka la vyombo vya muziki anaonekana amepanda farasi mdogo mweupe, anakwenda mbio juu ya vilima vya Malvern, huku muziki wa violini ukipanda pamoja naye. Hasemi kitu. Baadaye yuko mtu mzima akitembea na mkewe. Baadaye ni mzee, peke yake ndani ya nyumba kubwa. Kwa kuwa hawasemi, macho ya mtazamaji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye muziki. Na hilo ndilo lililokuwa shabaha ya kipindi.

Ipo sehemu moja ambayo lazima tuitaje. Elgar alitunga muziki wa gwaride ambao ulitiwa maneno ya kuisifu dola ya Kiingereza, ukawa kama wimbo wa pili wa taifa, naye mwenyewe alipofika miaka ya vita alichukizwa na namna ulivyotumiwa. Russell aliuweka muziki huo wa shangwe juu ya picha halisi za Vita Kuu ya Kwanza: askari waliopofushwa na hewa ya sumu wameshikana mabegani kwa mstari, na misalaba ya makaburi isiyohesabika. Siku ilikuwa ni tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka wafu wa vita hiyo. Mwenye nishani ya Military Cross ndiye aliyekuwa akitoa maelezo, na hakuiondoa sehemu hiyo. Msomaji wa Afrika Mashariki ataikumbuka vita hiyohiyo kwa wapagazi wetu waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi njiani, ambao jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariakoo hapa Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Hakuna aliyewatungia muziki wa gwaride.

Filamu ya "Elgar" ilipendwa mno, ikarudiwa mara nyingi, na ilisaidia kumrudisha masikioni mwa watu mtunzi aliyekuwa ameanza kuonekana wa kizamani. Sasa twaomba turudi kwa wale washairi wa Wales na sheria zao. Waandishi wengi waliosimulia habari hii humwonyesha Wheldon kama mzee wa ofisi aliyemfunga kamba kijana mwenye kipaji, na Russell kama ng'ombe dume aliyeivunja. Sisi hatuafiki. Anayetunga ndani ya vina na mizani anajua kuwa sharti si adui. Neno la kwanza linalokujia kichwani halitoshi mizani, unalitupa, la pili halina kina, unalitupa, la tatu, ambalo usingelitafuta kamwe kama ungekuwa huru, ndilo linalokaa. Yule mtoto aliye kimya juu ya farasi ni neno la tatu. Russell, kama angaliruhusiwa, angalimpa mtoto maneno ya kusema, na leo tungekuwa tumeyasahau.

Twajua kuwa hoja hii itawaudhi baadhi ya wasomaji. Wanaokumbuka mgogoro wa ushairi uliowaka nchini mwetu katika miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya "Kichomi" mwaka 1974, watatuambia kuwa sharti likikaa mno huwa pingu. Ni kweli. Tofauti iko hapa: sharti la Wheldon lilitokana na kumheshimu mtazamaji, na alilieleza, akabishana nalo, akalilegeza kidogo kidogo pale alipoona sababu. Sharti lisiloelezwa, linaloshuka kutoka juu bila ya mtu wa kujibu, ni jambo jingine kabisa. Na Wheldon alikutana nalo hilo pia.

Mwaka 1962 alikuwa amepandishwa cheo kuongoza vipindi vya habari za kweli, na mwaka uliofuata muziki ukaongezwa chini yake. Katika idara hiyo alikuwamo kijana Peter Watkins, ambaye mwaka 1964 alitengeneza "Culloden", filamu juu ya vita vya Waskoti vya mwaka 1746, iliyopigwa kana kwamba kamera za televisheni zilikuwako siku ile. Watkins akaomba kutengeneza filamu ya kuonyesha mji wa Uingereza ukipigwa bomu la nyuklia. Wheldon aliliunga mkono wazo hilo. Filamu, "The War Game", ilikamilika mwaka 1965. Wakubwa wa BBC waliitazama. Maofisa wa serikali nao wakaonyeshwa. Na mwezi Novemba mwaka huo BBC ikatangaza kuwa haitaionyesha, kwa maelezo kuwa inatisha mno kwa televisheni. Watkins aliondoka. Filamu iliruhusiwa katika majumba ya sinema, ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ya habari za kweli, ila katika televisheni ya nchi iliyoigharimia haikuonekana kwa miaka ishirini, hata mwaka 1985.

Wheldon hakuondoka. Alibaki, na katika mwaka huohuo wa 1965 akawa msimamizi wa vipindi vya televisheni. Wapo waliomhukumu kwa hilo. Hatutaki kumtetea kupita kiasi, wala kumhukumu kwa wepesi. Anayebaki ofisini baada ya kushindwa hupata nafasi ya kufanya mengine, na hulipa kwa kunyamaza juu ya lile moja. Wakati mwingine mengine hayo huwa makubwa kweli. Wakati mwingine huwa kisingizio tu. Kila aliyewahi kutia saini barua asiyoiamini anaijua hesabu hiyo, na anajua pia kuwa haifungwi siku ile ya saini.

Mengine hayo tuyatazame basi. Tangu 1968 hadi 1975 Wheldon alikuwa mkurugenzi mtendaji wa televisheni ya BBC, na chini yake alikuwako David Attenborough akiongoza vipindi. Katika miaka hiyo ilionyeshwa "Civilisation" ya Kenneth Clark, vipindi kumi na vitatu juu ya sanaa ya Ulaya, mwaka 1969. Na "The Ascent of Man" ya Jacob Bronowski, juu ya historia ya sayansi, mwaka 1973. Ilionyeshwa pia michezo ya kuchekesha ambayo Waingereza waliitazama kwa miongo kadhaa baadaye. Mtu aliyeanza na watoto na gitaa hakuona kuwa kichekesho kilichotengenezwa vizuri ni kitu duni. Jina lake halikuandikwa mwishoni mwa vipindi hivyo. Kazi yake sasa ilikuwa kutafuta fedha, kuchagua watu, na kusimama mlangoni wasibughudhiwe.

Alipostaafu mwaka 1975 alirudi mbele ya kamera, na mwaka 1977 akaonyesha pamoja na mwanahistoria J. H. Plumb mfululizo wa vipindi juu ya hazina za sanaa za wafalme wa Uingereza. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1976, akawa mwenyekiti wa baraza la magavana wa chuo chake cha zamani cha London.  Mkewe, Jacqueline, waliyeoana mwaka 1956, alikuwa mwandishi wa riwaya. Huw Wheldon alifariki tarehe 14 Machi, 1986, karibu miezi minane baada ya "The War Game" kuonyeshwa hatimaye katika televisheni ya BBC.

Ken Russell aliishi hadi mwaka 2011, akatengeneza sinema nyingi zenye makelele, nyingine nzuri, nyingine za kupita kiasi. Mwaka 2002, miaka arobaini baada ya ile ya kwanza, alimrudia Elgar kwa filamu mpya, aliyoitengeneza kwa ajili ya kipindi cha Melvyn Bragg. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumkataza jambo. Walimu watakaobahatika kuzipata filamu zote mbili wawaonyeshe wanafunzi kwanza ile ya mwaka 1962, nao wawaachie wenyewe waseme ni ipi wanayoikumbuka wiki inayofuata.